Kilo Mbili za Kwanza za Mjini

Kijana wa Morogoro Vijijini akihamia Dar es Salaam, hunenepa. Kila mama aliyewahi kumsindikiza mwanawe stendi analijua hilo: akirudi kwa sikukuu mashavu yamejaa, mkanda umesogea tundu mbili, na majirani wanasema mji umempenda. Kundi moja la watafiti liliamua kulipima jambo hili badala ya kulisimulia. Waliandikisha watu 209, wanaume 103 na wanawake 106, wenye umri wa wastani wa miaka 29, waliokuwa wakijiandaa kuhama vijiji vya Morogoro kwenda Dar es Salaam. Waliwapima kabla hawajaondoka, kisha wakawatafuta mjini. Waliopatikana tena baada ya miezi 12 walikuwa karibu theluthi mbili. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2010, yanaonyesha kwamba wanaume walikuwa wameongezeka kilo 2.30 kwa wastani na wanawake kilo 2.35.

Sababu haikuhitaji darubini. Kabla ya kuhama, karibu wanaume 8 kati ya 10 walikuwa na kazi za kutoa jasho hasa. Mwaka mmoja baadaye waliobaki na kazi za namna hiyo walikuwa kama robo tu. Kwa wanawake ilikuwa asilimia 38, ikashuka hadi 16. Mjini shamba halipo, kuni zimegeuka mkaa wa kununua kwa kopo, na kutoka Mbagala hadi Kariakoo mtu anapanda daladala.

Lakini kuna sehemu ya matokeo hayo ambayo haisimuliwi sana. Presha za wahamiaji wale, kwa jumla, hazikuwa zimebadilika kitu cha kutisha.  Ile lehemu nzuri ilikuwa hata imepanda. Walikuwa wanakula nyama nyekundu zaidi, ndiyo, ila pia walikuwa wanakula matunda na mboga zaidi kuliko walivyokuwa wakila kijijini. Daktari aliyewapima siku ile angewaambia wako salama, na asingekuwa mwongo.

Uzito hutangulia na ugonjwa wa moyo hufuata, na kati ya hivyo viwili kuna miaka. Katika miaka hiyo mtu hasikii maumivu yoyote. Anasifiwa kwa kunawiri. Ndiyo miaka ambayo mambo mengi bado yanaweza kurudishwa nyuma, na ndiyo hiyo hiyo ambayo hakuna anayekwenda kupima, kwa sababu hakuna kinachouma.

Tulikotoka

Miaka ya 1980 Donald McLarty, daktari Mskoti aliyefanya kazi Muhimbili, pamoja na wenzake, walipima sukari watu zaidi ya 6,000 katika vijiji sita vya Tanzania. Walipotoa matokeo mwaka 1989, wenye kisukari hawakufika hata mmoja katika kila mia. Katikati ya miaka ya 1990 watafiti wengine wakalinganisha wakazi wa Ilala, Dar es Salaam, na wa kijiji cha Shari, wilayani Hai. Wanaume wenye kisukari mjini walikuwa asilimia 5.9, kijijini 1.7. Wanawake walikuwa 5.7 kwa 1.1. Kisha mwaka 2012 ukaja utafiti wa kitaifa wa watu wa miaka 25 hadi 64: wenye sukari ya juu asilimia 9.1, wenye presha ya juu asilimia 25.9, na waliozidi uzito asilimia 26. Tafiti hizi hazikupima kwa namna moja wala watu wa rika moja, kwa hiyo si halali kuzitoa na kuzigawanya. Mwelekeo wake, hata hivyo, hauna ubishi.

Mtu mzima wa leo wa miaka 60 amepitia yote hayo katika maisha yake mwenyewe. Alizaliwa katika nchi ambayo kisukari kilikuwa ugonjwa wa wachache, na sasa kliniki ya kisukari anapanga foleni pamoja na watoto wa dada yake.

Mafuta yakikosa pa kukaa

Mafuta ya mwilini si adui. Yale yanayokaa chini ya ngozi, hasa kwenye makalio na mapaja, ni akiba, na kwa kadiri yanavyobaki huko hayausumbui sana moyo. Tatizo linaanza akiba hiyo ikijaa. Mwili ukikosa pa kuyaweka, mafuta huanza kukaa pasipo pake: ndani ya ini, kuzunguka utumbo, katikati ya misuli, kwenye kongosho, hata kuuzunguka moyo wenyewe. Kila mtu ana kiwango chake cha kujaa. Wapo wanaobeba kilo 100 bila ini lao kupata mafuta, na wapo wanaofika kikomo wakiwa na kilo 65. Urithi una sehemu kubwa hapo.

Ini lililopata mafuta haliitikii tena amri ya insulini. Linaendelea kumwaga sukari kwenye damu usiku kucha, wakati mwenyewe amelala na hajala kitu, na linatengeneza mafuta aina ya trigliseridi kuliko inavyohitajika. Kongosho linajibu kwa kutoa insulini zaidi, na kwa miaka kadhaa linashinda. Ukipima sukari asubuhi, iko sawa. Usichokiona ni insulini iliyopanda juu ili kuiweka sawa. Insulini hiyo nyingi, pamoja na homoni zinazotolewa na mafuta yenyewe, huzifanya figo zibakize chumvi. Chumvi hubakiza maji. Mafuta yaliyozizunguka figo nayo huzibana. Presha inapanda kidogo kidogo: 118, 126, 134, na siku moja 148.

Moyo unaosukuma damu dhidi ya presha hiyo hufanya kile ambacho msuli wowote unaobebeshwa mzigo hufanya, yaani unanenepa. Ukuta wa chumba cha kushoto unakuwa mnene, kisha mgumu. Ukishakuwa mgumu haujai damu vizuri kati ya pigo na pigo, na maji yanaanza kurudi kwenye mapafu. Huyu ndiye mgonjwa anayekuja kliniki akisema halali bila mito mitatu, viatu havimwingii ifikapo jioni, na ngazi za ghorofa ya kwanza zimemshinda.

Tukisema ugonjwa wa moyo wengi tunamwona mtu wa kwenye filamu, ameshika kifua anaanguka. Huyo yupo na anaongezeka. Ila katika utafiti wa Muhimbili ulioongozwa na Dk. Abel Makubi, uliochapishwa mwaka 2014, kati ya wagonjwa 427 ambao mioyo yao ilikuwa imeshindwa kufanya kazi sawasawa, presha ndiyo iliyokuwa chanzo kwa asilimia 45. Kuziba kwa mishipa ya moyo kulikuwa asilimia 9 tu. Umri wao wa wastani ulikuwa miaka 55. Hao ni watu walio kazini, wenye watoto sekondari na vyuoni, na wengi wao ndio wanaolipa karo ya ukoo mzima.

Si kila presha inatokana na uzito. Utafiti wa Wakenya wa jamii ya Waluo waliohama vijiji vya magharibi ya nchi kwenda Nairobi, ulioongozwa na Neil Poulter na kuchapishwa mwaka 1990, uliona presha ikianza kupanda ndani ya miezi ya mwanzo tu ya kuhamia mjini. Mkojo wao ulitoa ushahidi: sodiamu ilikuwa nyingi kwa kulinganisha na potasiamu, yaani chumvi imezidi, mboga na vyakula vya shambani vimepungua. Wale wa Morogoro walikuwa wameongeza matunda na mboga, na presha zao zilitulia. Huenda mambo hayo mawili yanahusiana. Hiyo ni dhana yangu, si kauli ya watafiti. Ninachojua ni kwamba sahani ya chipsi inayonyunyiziwa chumvi mara mbili, mara ya kwanza na muuzaji na mara ya pili na mnunuzi kabla hata hajaonja, inamfikia mtu siku nyingi kabla ya kitambi. Shirika la Afya Duniani linasema gramu 5 za chumvi kwa siku zisipitwe, kiasi kisichofika kijiko cha chai kilichojaa, na humo imo chumvi ya mkate, ya mchuzi na ya kachumbari.

Namba ya mizani na namba ya futi kamba

Kariakoo, na kwenye stendi nyingi za nchi hii, kuna kijana aliyeweka mizani kando ya njia. Unavua viatu, unapanda, unasoma, unalipa sarafu zako, unaondoka. Sina ugomvi na biashara yake, lakini namba ile inasema jambo moja tu, na si lile muhimu kuliko yote.

Mwaka 2004 na 2005 yalitoka matokeo ya utafiti uitwao INTERHEART, uliofanyika katika nchi 52, Kenya ikiwemo, kwa karibu watu 30,000. Nusu walikuwa wamepata mshtuko wa moyo na nusu hawakuwa wamepata. Watafiti walipolinganisha, waligundua kwamba uwiano wa kiuno na nyonga ulibashiri mshtuko wa moyo vizuri kuliko ule uwiano wa uzito na urefu ambao hospitali zetu nyingi bado zinauandika kwenye kadi. Kilo hazisemi ziko wapi. Kiuno kinasema.

Kupima kiuno kunahitaji futi kamba ya fundi cherehani na uaminifu kidogo. Vua shati. Papasa ubavu wa chini kabisa, kisha papasa ukingo wa juu wa mfupa wa nyonga. Katikati ya hapo ndipo penye kipimo. Si kwenye mkanda wa suruali. Wanaume wenye vitambi hufunga mkanda chini ya tumbo na kuapa kwamba saizi yao haijabadilika tangu wamalize JKT. Pumua nje kama kawaida, usibane tumbo, soma namba. Vipimo vinavyotumika kwa Waafrika wa kusini mwa Sahara ni sentimeta 94 kwa mwanamume na 80 kwa mwanamke, ingawa namba hizo ziliazimwa kutoka kwa Wazungu kwa kukosa takwimu zetu za kutosha. Kanuni rahisi zaidi ni kiuno kisichofika nusu ya urefu. Mwenye sentimeta 170 kiuno chake kibaki chini ya 85.

Hapa huwa linakuja swali: mbona mjomba wangu ni mnene tangu ujana, hana presha wala sukari, na wembamba wameshazikwa? Mjomba huyo yupo, na sayansi imemtafuta. Mwaka 2018 yalichapishwa matokeo ya wauguzi wanawake wa Marekani zaidi ya 90,000 waliofuatiliwa kwa miaka 30. Wale waliokuwa na unene uliokithiri lakini hawana presha, sukari wala lehemu ya juu walipata maradhi ya moyo na kiharusi kwa asilimia 39 zaidi ya wenzao wembamba wenye afya. Ongezeko hilo lipo, ila si kubwa kama wengi wangebahatisha. Wale waliokuwa na uzito wa kawaida lakini wana mojawapo ya maradhi hayo matatu walikuwa pabaya zaidi kuliko hao: hatari yao ilikuwa karibu mara mbili na nusu.

Takwimu ya tatu ya utafiti huo ndiyo inayonikaa kichwani. Katika muda wa miaka 20, wale wanene waliokuwa na afya hawakubaki hivyo. Asilimia 84 yao walikuwa wameshapata presha, kisukari au lehemu ya juu. Kwa hiyo mjomba huenda yuko salama leo, lakini swali ni ana miaka mingapi tangu apime mara ya mwisho. Na wembamba wasicheke, maana hata kwao asilimia 68 walivuka mstari huo huo. Hapa kwetu, ambako wagonjwa wengi wa kisukari si wanene wa kutazamwa, mtu mwembamba anayekataa kupima kwa sababu eti “sukari ni ya wenye nacho” anajidanganya zaidi kuliko mwenye kitambi.

Wamasai, Wahadzabe na miguu

Miaka ya 1960 daktari wa Kimarekani, George Mann, alikuja Tanzania kuwapima Wamasai. Alikuwa na shaka na nadharia iliyokuwa ikitawala kwao kwamba mafuta ya wanyama ndiyo yanayoua moyo. Aliwakuta morani wanaoishi kwa maziwa na nyama, lehemu yao iko chini, na dalili za ugonjwa wa moyo ni za kutafuta kwa tochi. Habari hizo bado zinazunguka, na kila mpenda nyama choma anazo mdomoni.

Mann hakuishia hapo. Mwaka 1972 alichapisha uchunguzi wa mioyo ya wanaume 50 wa Kimasai waliokuwa wamefariki. Mishipa yao haikuwa safi. Kuta zake zilikuwa zimenenepa kwa mafuta kiasi kilekile cha wazee wa Marekani. Tofauti ilikuwa kwamba mishipa yenyewe ilikuwa imepanuka kadiri umri ulivyokwenda, kwa hiyo damu iliendelea kupita. Mann alidhani ni kwa sababu ya kutembea. Mtu anayechunga ng'ombe maili kwa maili kila siku anaudai moyo wake damu nyingi, na mishipa inaitikia. Morani aliyeuza ng'ombe akawa mlinzi wa geti mjini, anayekaa kwenye kiti saa 12, hana tena kinga hiyo, hata kama bado amevaa shuka.

Wahadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi nao wamepimwa sana, na matokeo yao yanawachanganya wengi. Kwa wastani wanatumia kama dakika 135 kwa siku katika mwendo wa kutia jasho, na presha na lehemu zao zinatia wivu. Lakini mwaka 2012 Herman Pontzer na wenzake walionyesha kwamba nguvu ambayo mwili wa Mhadzabe unachoma kwa siku, ukizingatia ukubwa wa mwili wake, haizidi ile ya Mmarekani anayekaa ofisini. Mwili hujipangia bajeti. Ukitumia nyingi kwenye miguu, unabana matumizi kwingine.

Maana yake kwa msomaji ni hii. Watu wengi huanza kutembea jioni, mwezi mzima, mizani isishuke, wakaacha kwa hasira. Wanaacha kitu ambacho kilikuwa kinawafaa. Mazoezi peke yake hupunguza uzito kwa shida, ila yanashusha presha, yanaifanya misuli iipokee insulini, na yanachoma mafuta ya ini hata pale mizani inapokataa kusema. Uzito hupungua zaidi kwa kilichomo kwenye sahani na kikombe: soda, chai yenye vijiko vitatu vya sukari, chapati mbili za asubuhi zilizokaangwa, zege la usiku.

Kupungua kunaleta nini

Kwenye presha hesabu ni nzuri. Mapitio ya majaribio 25 yaliyochapishwa mwaka 2003 yaliona kwamba kupungua kilo kama 5 kunashusha namba ya juu ya presha kwa alama 4 hivi, karibu alama moja kwa kila kilo. Kwenye kisukari ni nzuri zaidi. Jaribio la Marekani la mwaka 2002 liliwachukua watu ambao sukari yao ilikuwa imeanza kupanda, likawataka wapunguze asilimia 7 ya uzito na watembee dakika 150 kwa wiki. Waliopata kisukari walipungua kwa asilimia 58 kulinganisha na wale ambao hawakupewa mpango huo. Waliopewa dawa ya metformini badala yake walipungua kwa asilimia 31. Mwenye kilo 80 anaambiwa ashuke kilo 5 na nusu. Hakuna anayemtaka afanane na mwanamitindo.

Huko Uingereza, utafiti uitwao DiRECT wa mwaka 2017 ulienda mbali zaidi: kati ya watu waliokuwa na kisukari kwa miaka isiyozidi sita, karibu nusu walirudi kwenye sukari ya kawaida bila dawa baada ya mwaka mmoja wa mpango mkali wa chakula. Waliopungua kilo 15 au zaidi walifanikiwa kwa asilimia 86. Mafuta yalitoka kwenye ini na kongosho, na kongosho likaamka. Aliyekaa na kisukari miaka 15 mara nyingi hapati bahati hiyo, kwa sababu seli zenyewe zimekwisha.

Kwa moyo wenyewe, habari ni ngumu kidogo, na mwandishi anayeificha hamtendei haki msomaji. Jaribio kubwa la Marekani, Look AHEAD, lilichukua watu 5,145 wenye kisukari na uzito mkubwa, nusu wakapewa msaada wa karibu wa chakula na mazoezi. Lilisimamishwa mwaka 2012, baada ya karibu miaka 10, kwa sababu mishtuko ya moyo na viharusi havikuwa vimepungua. Wengi walipunguza uzito mwanzoni kisha sehemu yake ikarudi. Watafiti walipochambua upya waliona kwamba wale waliopungua asilimia 10 au zaidi katika mwaka wa kwanza walikuwa na hatari pungufu kwa asilimia 21. Uchambuzi wa aina hiyo hauna nguvu ya jaribio lenyewe. Unachodokeza ni kwamba moyo unataka punguzo kubwa, linalodumu, na lililoanza mapema.

Mwaka 2023 dawa ya sindano iitwayo semaglutide ilijaribiwa kwa watu 17,604 waliokuwa tayari na ugonjwa wa moyo au mishipa, wenye uzito mkubwa lakini hawana kisukari. Vifo vya moyo, mishtuko na viharusi vilipungua kwa asilimia 20. Faida ilianza kuonekana mapema, kabla watu hawajapungua sana, kwa hiyo inaelekea dawa ile inafanya zaidi ya kupunguza kilo. Bei yake bado ni ya watu wachache mno. Anayeuziwa sindano ya namna hiyo mtandaoni au saluni, bila daktari, ajue ananunua asichokijua.

Hatari nyingine iko kwenye kupanda na kushuka. Kuna chai za kukata tumbo, kuna mlo wa wiki mbili kabla ya harusi, kuna watu wanaoshuka kilo 8 na kurudisha 10. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2017, wa wagonjwa wa mishipa ya moyo zaidi ya 9,000, uliona kwamba wale ambao uzito wao ulikuwa ukiyumba sana walikufa kwa kiwango cha zaidi ya mara mbili ya wale ambao uzito wao ulitulia. Huenda baadhi waliyumba kwa sababu walikuwa wagonjwa tayari. Hata hivyo sioni sababu ya kumshauri mtu ashuke kwa kasi ambayo hawezi kuiendeleza.

Woga wa kukonda

Hakuna mazungumzo ya uzito Afrika Mashariki yanayokamilika bila kutaja UKIMWI. Kizazi kilichokua miaka ya 1990 kiliona watu wakikonda na kuzikwa. Mtu akipungua hata kwa juhudi zake mwenyewe, ofisini wanaanza kunong'ona, na shangazi anapiga simu kuuliza kama kuna tatizo. Wanawake niliozungumza nao wanasema wazi kwamba wanaogopa macho ya majirani kuliko presha. Woga huo una chimbuko la kweli, na hauondoki kwa kuhubiriwa.

Hali yenyewe imegeuka. Wanaotumia dawa za kufubaza virusi sasa wanazeeka, na wengi wao wananenepa. Utafiti wa Johannesburg uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha watumiaji wa dolutegravir, dawa inayotumika sana sasa katika nchi zetu, wakiongezeka uzito, wanawake zaidi kuliko wanaume. Hiyo si sababu ya kuacha dawa hata siku moja. Anayeacha anakufa kwa kitu kingine mapema zaidi. Ni sababu ya kliniki za tiba na matunzo ya VVU (CTC) kupima presha, sukari na kiuno kila mwenye kadi anapokuja. Mwaka 2023 utafiti wa nchi 12, Uganda ikiwa mojawapo, ulionyesha kwamba kidonge cha kushusha lehemu kiitwacho pitavastatini kilipunguza matatizo makubwa ya moyo kwa asilimia 35 kwa watu wanaoishi na VVU.

Na anayepungua bila kukusudia asishangilie. Kilo zinazotoka zenyewe, huku mtu anakula kama kawaida, anakojoa mara kwa mara na ana kiu, zinaweza kuwa kisukari kilichopanda sana. Zikiandamana na kikohozi cha zaidi ya wiki mbili na jasho la usiku, huenda ni kifua kikuu. Kwa mgonjwa wa moyo aliyevimba, mizani inaweza kudanganya kwa namna ya pili: kilo mbili zilizoongezeka ndani ya siku tatu si mafuta, ni maji, naye anatakiwa kurudi hospitali bila kungoja tarehe ya kliniki.

Aliyefika miaka 40, na hata aliye chini ya hapo kama mzazi au ndugu yake ana presha au kisukari, apime presha, sukari, lehemu na kiuno walau mara moja kwa mwaka. Presha ipimwe ukiwa umekaa dakika tano, mgongo umeegemea, miguu iko sakafuni haijapishanishwa, mkono uko usawa wa moyo na mdomo umefungwa. Kipimo cha kukimbiliwa dirishani, ukiwa umesimama unasimulia foleni, hakifai kuandikwa kwenye kadi. Kila ifikapo Septemba 29, Siku ya Moyo Duniani, hospitali na taasisi za moyo sehemu nyingi hupima bure, na asiye na hela aitumie siku hiyo. Mwenye dawa za presha au kisukari akifanikiwa kupungua, amwambie daktari wake ili kipimo cha dawa kiangaliwe upya. Asizipunguze mwenyewe wala asiziache.